Kanzu Iliyopimwa kwa Mabega ya Baba

Kitengela,
nyuma ya kichinjio.
Alhamisi, 14 Machi 2002.

Kwa ndugu yangu Maina,

Kwanza nakuomba usinikasirikie kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro nikijiambia nitaijibu Jumapili, na unajua Jumapili za hapa. Hata hii nimeianza zaidi ya mara moja nikaiacha. Mara mtoto analia, mara maji yamekuja kwa bomba la ploti na lazima mtu akimbie na mitungi, mara nashika kalamu na sijui nianze na neno gani. Leo nitaandika mpaka mwisho, kwa sababu Amolo, bwana wa Dolphine wa mlango wa pili, anajenga ukuta karibu na chuo chenu wiki hii na amekubali kukuletea mkononi.

Habari ya afya yako? Kile kikohozi kiliisha? Unakula kitu cha moto hata mara moja kwa siku, ama bado ni chai na mkate? Na masomo, Kilatini na Kifaransa, vinaendeleaje? Mimi siumwi popote, nimechoka tu. Kiwandani bado wameniweka kwa kola. Nashona kola kutoka asubuhi mpaka jioni, na mpaka leo sijawahi kuona hata shati moja likiwa zima. Supavaiza akitaka ovataimu haulizi kama uko na mtoto. Lakini kazi ni kazi na siwezi kulalamika mbele ya Mungu.

Mpwa wako Gakuru anatembea sasa, na akianguka anaangalia kwanza kama kuna mtu amemwona ndio aamue kulia. Lile neno lako la Kifaransa amelishika. Ng'ombe wakipita hapa wakipelekwa kichinjioni, anasimama mlangoni anawapungia mkono, bonju, bonju, mpaka wa mwisho apite. Wale vijana wa Kimasai wanaowafuata wanacheka sana.

Maina, nataka ujue kabla sijasema lingine kwamba sidharau unachosoma. Nakumbuka mwaka jana ulipokuja kujisomea hapa wakati wa mtihani. Ulimfunga Gakuru mgongoni kwa leso yangu ukawa unatembea kutoka kwa bomba mpaka kwa choo, kitabu mkononi, ukirudia vitenzi vya Kifaransa, na akina mama wakasimamisha kufua ili wakusikilize. Dolphine aliniuliza pole pole kama una mafua, mbona kijana mzuri hivi anaongelea puani. Na jioni, nikichagua maharagwe, ukaniambia habari za watu wa Kilatini. Mimi nilikuwa nadhani Kilatini kilizaliwa kikiwa kanisani. Ukasema hapana, hao walikuwa watu kama watu, walikuwa na vitunguu na majirani wabaya, waligombania mipaka ya shamba, na mtu angeweza kumtukana punda wake kwa Kilatini kutoka asubuhi mpaka giza liingie. Mimi niliachia Form Two, lakini siku hiyo niliona uso wako na nikaelewa. Uliomba ualimu wa hesabu, serikali ikakupa hayo mengine, na hayo mengine ndiyo yako kweli.

Kwa hivyo hasira yangu haiko kwa masomo. Iko kwa kile ambacho umemwacha Baba aamini kuhusu hayo masomo, na Jumapili ya Matawi inakuja.

Turudi nyuma kidogo. Ile siku barua ya chuo ilikuja, Baba alikuwa anapalilia vitunguu, wewe ukamsomea ukiwa umesimama kwa mtaro wa maji. Ulipofika kwa Kilatini alisimamisha jembe. Unajua Baba alivyo. Akiwa kijana alikuwa anawatumikia mapadri wazungu kwa misa, siku hizo misa ikisemwa kwa Kilatini, na yote aliyashika kichwani bila kuelewa hata moja. Mpaka leo akimfuata punda kwenda sokoni anasali Baba Yetu kwa Kilatini, anasema kwa lugha hiyo inafika haraka. Kwa Baba, Kilatini kiko na njia moja tu na hiyo njia inaishia altareni. Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya watu wa Entarara, yeye katekista wao, akatangaza kwamba serikali imemchukua kijana wake kumsomesha upadri. Mimi nilikufinya mkono. Ulicheka. Ukaniambia tutamrekebisha nyumbani, tumwachie leo afurahi.

Nyumbani hukumrekebisha. Jioni alikuita ukae naye kwa kile kiti cha wageni, mkasali pamoja kwa Kilatini, yeye akianza na wewe ukijibu, na Mama alisimama jikoni na mwiko mkononi akasahau sufuria mpaka chakula kikashika. Baba hakuwa amewahi kukuita ukae. Sisi sote tulilelewa kwa kuitwa tutumwe. Najua ilikuwa tamu. Hata mimi ningetaka.

Halafu mwaka uliofuata ikawa mambo yangu. Mimi Baba nilimwambia ukweli uso kwa uso kwamba niko na mimba na mwenyewe amekana. Hakunigusa. Aliingia ndani akafunga mlango, akamwambia Mama kupitia mlango huo aniambie kwamba katekista hawezi kukaa nyumba moja na jambo kama hilo. Nikaondoka na lori la vitunguu. Wewe ulikuwa likizo, ulikuwa umesimama pale kwa lango la ng'ombe, uliona yote. Sisemi hayo ili unihurumie. Yaliisha, niko na kazi na niko na mtoto. Nasema ili ujue kwamba ninapokwambia habari ya kusema ukweli mbele ya mzee yule, siongei kitu nilichosikia redioni.

Sasa Mama alikuja mwisho wa Februari kwa siri yake ile ya kawaida, na mboga kwa gunia, na akanieleza Krismasi yenu ilivyokuwa. Kwamba Baba alikupa uongoze sala. Kwamba watu walipanga laini nje wakusalimie, na wazee wakikuita Fadha kwa mzaha ambao si mzaha. Kwamba bibi ya Wathome alileta mtoto wake aliyekuwa anaumwa na sikio na ukamwekea mkono kichwani ukafunga macho. Mtoto amepona kwa dawa ya kliniki, lakini sifa umepewa wewe. Hapo ndipo nilikasirika, Maina. Kunyamaza ni jambo moja. Lakini ule mkono uliuinua wewe, hakuna mtu aliyekushikia.

Na akanieleza habari ya kanzu. Baba ameona vijana wa seminari wakija likizo wanatumikia misa na kanzu nyeupe, na wewe mwaka wa tatu huu unakuja na suruali ya jinsi. Akaamua ni umaskini. Akasema kijana ana haya, hawezi kuomba. Akina mama wa jumuiya wakachanga, wakanunua kitambaa, na kwa kuwa hukuwepo wakampima Baba mwenyewe, kwa sababu wewe na yeye mko na mabega mamoja. Jumapili ya Matawi angekuvalisha mbele ya watu wote. Mama aliniuliza kama hiyo ni seminari kweli. Nikamwambia amuulize Maina. Akaanza kukunja gunia. Mama si mjinga.

Nilipanga kukuandikia wiki hiyo nikwambie uende nyumbani useme mapema. Sasa hilo limechelewa, na hiki ndicho kimenifanya nishindwe kuanza barua.

Hiyo kanzu haiko Entarara. Iko hapa kwangu, imetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango, na ninapoandika naiona. Wameishona vizuri, ila kola imevutwa upande mmoja. Baba ndiye aliyeileta. Baba yuko hapa, Maina. Amekuwa hapa tangu Ijumaa iliyopita, na anajua yote.

Nilitoka kazini nikamkuta ameketi nje kwa kigoda cha Dolphine, Gakuru mapajani, Dolphine akimkaribisha chai kwa heshima kubwa akidhani ni mhubiri. Baba alinisalimia kama mtu niliyeachana naye asubuhi hiyo hiyo. Nami nikamsalimia hivyo hivyo, nikapita ndani kuwasha jiko.

Ameniambia kidogo kidogo, leo hili, kesho lile, na mimi nimeyaunganisha. Padri mpya wa parokia alimuuliza jina la seminari yako ili aandike barua ya kukusifu. Baba akasema ni chuo kikuu. Padri akasema hiyo ni vizuri sana, mzee wangu, lakini seminari ni ipi? Baba akaona aibu kwamba hajui hata jina la mahali mtoto wake anaposomea. Akamwambia Mama anaenda kukupimisha kanzu, akapanda gari.

Kwa geti la chuo aliuliza askari nyumba ya mapadri iko wapi. Askari akamwelekeza kwa kanisa la chuo, akakuta limefungwa. Mwanafunzi mmoja akamhurumia, akasikia jina lako, akamshika mkono mpaka kwa ofisi ya Madam Ndunge. Baba anamsifu huyo mama sana. Anasema alimtolea kiti chake mwenyewe, akamtengenezea chai, akamwambia hajawahi kuona kijana mwenye sikio la Kifaransa kama lako, na kwamba anataka mwakani uende kule kwa Wafaransa wenyewe ukafundishe mwaka mmoja. Hilo la kwenda hukuniambia hata mimi. Baba akauliza, ni parokia gani ya huko? Madam akacheka, akidhani mzee anatania. Baba naye akacheka ili asimwaibishe. Halafu akawa anauliza mdogo mdogo, wanaomaliza hapa huwa wanakuwa akina nani, na yeye akamjibu kwa furaha, walimu, wakalimani, watu wa mahoteli makubwa, watu wa ubalozi. Baba akamaliza chai yake yote. Madam alitaka akuite darasani, Baba akakataa, akaomba tu aonyeshwe dirisha.

Kwa hivyo alikuona. Ijumaa ile, ulipokuwa umesimama ukisoma Kilatini, Baba alikuwa nje ya dirisha na kofia mkononi. Anasema sauti yako ni nzuri. Anasema alitega sikio akitafuta sala, akawa anashika neno moja hapa na moja pale, kama mtu anayeona watu wa kwao kwa soko la mbali. Halafu ukasoma mahali fulani na wenzako wakacheka, na wewe ukacheka, na mwalimu akacheka. Baba ananiambia katika maisha yake yote hajawahi kusikia mtu akicheka kwa Kilatini. Hapo akachukua mfuko wake akaenda. Gari la kurudi lilipofika Kitengela aliteremka. Hakuwa na mpango, anasema miguu ilikataa kufika hata Kisaju hapo mbele, sembuse Entarara.

Hataki kwenda nyumbani. Anasema atasimama aje mbele ya watu aliowatangazia. Jumatatu aliniomba nimwandikie Padri barua ya kuacha ukatekista, kwa sababu mkono wangu wa kuandika ni mzuri kuliko wake. Nimekataa. Mama ametumiwa neno kwamba yuko salama na si zaidi. Asubuhi anaketi nje. Yule mama Mmasai wa maziwa akipita anamsalimu sopa, Baba anaitikia epa, na kuna siku hilo ndilo neno lake lote mpaka nirudi kutoka kazini. Hajatukana. Hajasema neno baya juu yako. Afadhali angetukana.

Siku ya kwanza aliniuliza mtoto anaitwa nani. Dolphine alikuwa ameshamwambia, lakini alitaka kusikia kwangu. Nikamwambia anaitwa Gakuru. Si unajua kwetu msichana akizaa kwao, mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la baba ya msichana. Hakuna mtu aliyenipa ruhusa, nilimpa tu, pale kliniki, peke yangu. Baba akauliza kama anakula vizuri.

Sasa hili la mwisho ndilo nataka ulisome pole pole. Juzi nilikuwa nafua na yeye amemshika mtoto. Akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua tangu siku ya kwanza. Akaniuliza ni kwa nini Maina hakumwambia, miaka yote hii, kwani yeye ni mtu wa kula watu? Nilijua jibu lakini si kazi yangu kumpa. Nikaendelea kusugua shati. Basi akajijibu mwenyewe. Akasema Maina alikuwa amesimama kwa lango la ng'ombe siku ile. Akasema Maina aliona yeye Baba alivyomfanya yule aliyemwambia ukweli. Akamweka mtoto chini, akatoka akaenda mpaka barabarani, akasimama huko akiangalia malori mpaka ugali ukapoa. Aliporudi alikula bila kuniangalia. Na mimi sikulia mbele yake, nililia kiwandani kesho yake juu ya kola za watu.

Usichukue maneno hayo ya Baba ukajifichia. Yeye amejilaumu, na hilo ni lake. Lakini mimi nilikuwa na mlango ule ule wa kuogopa kama wewe, na nikasema. Kwa hivyo sikuulizi kama unajuta. Nakuambia utakachofanya.

Uje kesho kutwa, Jumamosi, ulale hapa. Usimwogope, na usije na kile kicheko chako cha kupitisha mambo. Jumapili asubuhi mwende Entarara wewe na yeye, kabla ya hiyo Jumapili ya Matawi. Misa ikiisha, usimame wewe. Usimwachie Baba akusemee, na yeye atataka, atasema alielewa vibaya, kosa ni lake, mzee amezeeka. Umkatize kwa adabu. Useme kwa mdomo wako kwamba unasoma Kilatini na Kifaransa, si upadri, kwamba ulijua watu wanadhani nini na ukanyamaza. Useme na habari ya kwenda kufundisha kwa Wafaransa, usiifiche kama ni wizi. Kuna watakaocheka. Akina mama wa jumuiya watauliza habari ya kitambaa chao, na wako na haki. Simama hapo mpaka wamalize. Bibi ya Wathome umwendee nyumbani kwake peke yako, hiyo si ya kusema hadharani.

Kuhusu mimi, Baba hajaniambia nije. Akiniambia, nitabeba Gakuru mgongoni na nitakuja, supavaiza aseme atakalo. Asiponiambia nitawapeleka stendi niwapungie, na Jumatatu nitakuwa kwa kola zangu. Usimuulize kwa niaba yangu. Nataka litoke kwake.

Na masomo usiache, unanisikia? Ukifikiria kuacha ili uonekane umetubu, utakuwa umemwaibisha Baba mara ya pili. Aliniuliza Jumapili, kama mtu asiyejali, hao Wafaransa wanalima nini.

Dolphine anakusalimu na kusema nyumba ya kulala haikosi, utapewa sebule yao. Gakuru anakusalimu kwa ile lugha ya ng'ombe. Msalimie Madam Ndunge, mwambie mzee alifika salama na chai ilikuwa nzuri. Mungu akulinde njiani mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Wanjira.

Vitu vya kumpa Amolo kesho jioni, usingoje Jumamosi: vidonge vya presha vya Baba, alivyobeba vimeisha, jina liko kwa hii karatasi ndogo. Kofia yake, aliiacha kwa lile dirisha, uulize askari. Sweta yoyote yako nzito, hapa upepo wa asubuhi unampiga. Sindano nyembamba za mkono na uzi mweupe, ile kola siwezi kuiangalia hivyo. Na kitabu cha Kifaransa cha wale wanaoanza kabisa, chenye picha, si cha Kilatini. Baba anasema Kilatini anacho cha kumtosha. Anasema hicho kingine ni cha mtoto.